Nakala ya saa ya zamani si feki, mradi uso wake usiseme uongo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo hapa Mbeya likitajwa huishia kwenye kicheko au lawama: watu wanaonunua mashine, kasha, uso na mishale, kila kimoja peke yake, kisha wakaunda saa ya mkono inayofanana na zile za miaka ya 1940 na 1950. Wasomaji wengi wanaziweka kapu moja na zile "Rolex" zinazoning'inizwa kwenye mbao za wamachinga Mwanjelwa. Si haki. Saa ya namna ile imeandikwa jina la kampuni ambayo haikuitengeneza, na hapo ndipo kosa lilipo. Ukiuza saa yenye jina la mwenzio umeingia kwenye Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na Tume ya Ushindani (FCC) ina haki ya kuikamata na kuiteketeza. Umbo la mishale, rangi ya uso na mpangilio wa namba wa miaka 80 iliyopita ni kitu kingine.

Mfano mzuri ni saa za waongozaji wa ndege za kijeshi za Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kampuni tano zilizitengeneza: A. Lange & Söhne, Laco, Stowa, Wempe na IWC. Kasha lilikuwa na kipenyo cha milimita 55, maana ilivaliwa juu ya koti la rubani. Uso ulikuwa mweusi, juu kabisa kuna pembetatu na nukta mbili, na hapakuwa na jina lolote la kampuni. Kwa hiyo anayeunda nakala yake na kuacha uso bila jina anafuata asili hasa. Kinyume chake ni saa za jeshi la Uingereza za 1945, zilizotengenezwa na kampuni 12 zikiwemo Omega, Longines, Cyma na Vertex. Hizo ziliandikwa majina, hivyo anayeziiga aliache eneo hilo tupu au aweke alama yake mwenyewe. Uso ulio tupu haupunguzi chochote kwenye uzuri wa saa. Binafsi naona unaongeza.

Sasa kazi yenyewe. Kosa la kwanza la wanaoanza ni kununua kasha zuri kabla ya kuchagua mashine. Mashine ndiyo inayoamua kila kitu: ukubwa wa kasha, matundu ya mishale, mahali pa miguu ya uso na aina ya shina la nobu ya pembeni. Kwa anayeanza kabisa, chaguo la busara ni familia ya NH ya Seiko. NH35 ina tarehe, NH36 ina siku na tarehe, NH38 haina tarehe. Zote hupiga mara 21,600 kwa saa, zina vito 24 vya kupunguza msuguano, hujijaza kwa mwendo wa mkono na pia hukubali kujazwa kwa nobu, na hukaa na nguvu kwa takriban saa 41. Kipenyo ni milimita 27.4 na unene 5.32. Ukitaka uso usio na tarehe nunua NH38. Ukificha NH35 chini ya uso usio na dirisha, saa itafanya kazi, lakini nobu itabaki na kituo cha katikati kisichofanya lolote na utasikia tarehe ikiruka humo ndani kila usiku. Wapo wasiojali. Mwenye kuitaka nakala iliyo sahihi atajali.

Mwenye kutaka saa ya kujaza kwa mkono huvutiwa na mashine ya ETA 6497 (ETA ni kampuni ya Uswisi) au ndugu yake 6498, au nakala zake za Kichina zinazoitwa ST36. Ni mashine nzuri ya kujifunzia kwa sababu vipande vyake ni vikubwa na vinaonekana. Tatizo ni kipenyo: milimita 36.6. Saa za Waingereza za 1945 zilikuwa na makasha ya milimita 35 hadi 38 hivi, kwa hiyo mashine hiyo peke yake inakaribia kuwa kubwa kama saa nzima ya asili. Nakala ya namna hiyo huishia kuwa na kasha la milimita 41 au zaidi, na mshale mdogo wa sekunde unasogea kuelekea katikati kwa namna inayomkera kila anayeijua ya asili. Anayetaka vipimo vya kweli atafute mashine ndogo kama ETA 7001, yenye milimita 23.3 tu, akijua kwamba ni nyembamba, ni dhaifu mikononi mwa asiyezoea, na bei yake ni kubwa zaidi. Kumbuka pia kuwa 6497 ina sekunde upande wa tisa ukiwa na nobu upande wa tatu, na 6498 ina sekunde upande wa sita. Wapo wanaonunua uso wa moja na mashine ya nyingine.

Mishale ndiyo inayowashinda wengi wakati wa kuagiza. Kwa familia ya NH tundu la mshale wa saa ni milimita 1.50, wa dakika 0.90, wa sekunde 0.20. Mashine za ETA 2824 zina 1.50 na 0.90 vilevile, lakini sekunde ni 0.25. Mshale wa sekunde wa ETA ukiuweka kwenye NH utakaa kwa siku mbili kisha utazunguka ovyo au utadondoka chini ya kioo. Wa NH ukiulazimisha kwenye ETA unapasuka shingo. Mashine nyingi za Miyota ya Japani zina tundu la dakika la 1.00, nalo halipatani na hizo zote. Muuzaji akikwambia "inaingia zote", usinunue.

Uso wa familia ya NH una kipenyo cha milimita 28.5 na miguu midogo ya shaba kwa nyuma. Kasha lenye nobu upande wa tatu na lile lenye nobu karibu na nne hayatumii miguu ya mahali pamoja. Nyuso nyingi za sokoni zina miguu minne ili zifae pande zote mbili, na mwenye kuunda hukata miwili asiyoihitaji. Ukate kwa koleo yenye makali bapa, kisha usugue kisiki kwa tupa laini hadi kiwe sawa na bamba. Kisiki cha robo milimita kinatosha kuuinua uso upande mmoja, na mshale wa saa utakwaruza namba upande wa pili.

Vifaa si vingi: vibano viwili vyenye ncha kali, bisibisi za milimita 0.8, 1.0, 1.2 na 1.6, lenzi ya jichoni ya mara 5 na nyingine ya mara 10, kishikizo cha mashine, kibonyezo cha mishale chenye vichwa vitatu, vyuma viwili vya kung'olea mishale, kipulizio cha mpira, vifuniko vya vidole, donge la Rodico la kuokotea uchafu, kalipa (rula ya kubana ya kupimia), koleo ya kukatia shina, tupa laini na kifungulio cha mfuniko wa nyuma. Ukipunguza bajeti, usipunguze kwenye vibano na bisibisi. Bisibisi laini hupinda ncha, huteleza, na huacha mkwaruzo kwenye daraja la mashine ambao hakuna polishi itakayouondoa.

Chumba cha kazi hapa kwetu kinahitaji neno la peke yake. Kuanzia Agosti hadi mvua zianze, vumbi la Mbeya na Makambako linapita hata kwenye dirisha lililofungwa. Deki sakafu kwa maji nusu saa kabla, zima feni, na funika kila kipande kwa kikombe cha kioo wakati hukigusi. Juni na Julai kuna adui mwingine: sweta. Wenzetu wa Njombe na Makete wanafanya kazi wamevaa masweta ya sufu kwa sababu ya baridi, na unyuzi mmoja wa sufu ukiingia kwenye gurudumu la mizani saa inasimama. Vaa koti la pamba lenye mikono ya kubana juu ya sweta. Mezani tandika karatasi nyeupe, na upindo wa aproni uufunge kwenye ukingo wa meza. Pini ya mkanda ikiruka itaangukia humo badala ya chini ya kabati.

Kuunganisha kwenyewe huanza na mashine ikiwa kwenye kishikizo, uso juu. Weka uso, bonyeza pembeni mwake tu kwa kidole chenye kifuniko, usiguse katikati. Kama mashine ina tarehe, zungusha kwa nobu mbele taratibu hadi tarehe iruke, usimame papo hapo. Hiyo ndiyo saa sita usiku ya mashine. Weka mshale wa saa ukielekea juu kabisa kwenye 12, na wa dakika hivyohivyo. Ukipuuza hatua hii tarehe itabadilika saa nne usiku au saa nane usiku, na kuirekebisha ni kung'oa mishale upya. Ni hapo pia anayeanza ajifunze kanuni ya kila saa yenye tarehe: usibadilishe tarehe kwa njia ya mkato kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe yamekwisha kushikana na yanaweza kukatika.

Mshale wa saa uingie hadi uwe sambamba na uso, bila kuugusa. Wa dakika uache nafasi inayoonekana ukiangalia kwa ubavu. Wa sekunde ndio mtihani. Shingo yake ni nyembamba kuliko sindano ya kushonea na haionekani vizuri hata kwa lenzi ya mara 5. Uweke juu ya ncha ya mhimili kwa Rodico, usawazishe kwa kibano, uguse kwa kibonyezo kidogo sana, uangalie, uguse tena. Ukiubonyeza kwa nguvu mara moja, ama shingo inapinda na mshale unayumba kama mlevi, ama unaukandamiza mhimili na mashine inakuwa nzito. Ukikataa kuingia, usiulazimishe. Uondoe, angalia kama tundu lina uchafu au rangi. Baada ya hapo zungusha mishale duru nzima ya saa 12 ukiangalia kwa ubavu katika kila namba. Mgongano mwingi hutokea pale mishale yote mitatu inapokutana, na hutauona kama ulijaribu saa tatu peke yake.

Kabla ya kuingiza kwenye kasha, puliza uso, kisha puliza upande wa ndani wa kioo, kisha angalia kwa taa inayotoka ubavuni. Taa ya juu haionyeshi vumbi. Alama ya kidole isiyoonekana leo huwa doa la kahawia baadaye, kwa sababu jasho lina chumvi.

Shina la nobu huja refu makusudi. Ukiwa na mashine ndani ya kasha, sukuma shina hadi mwisho, pima kwa kalipa nafasi iliyobaki kati ya nobu na kasha, kisha toa nusu milimita kwenye kipimo hicho. Kata pungufu kidogo kuliko unavyofikiri, halafu malizia kwa tupa, ukijaribu kila mara. Shina refu linaachia nobu nje, na kama ni ya kukaza kwa nyuzi haitakazika, maji yataingia. Shina fupi linaifanya nobu igote kwenye kasha kabla shina halijarudi ndani hadi kituo cha kujaza, na hapo huna dawa ila kununua shina jipya. Baada ya kukata, ondoa ukali wa ncha kwa tupa ili nyuzi zishike. Shika kipande kinachokatwa kwa kidole au kitambaa. Kikiruka kinaingia jichoni au ndani ya mashine. Gundi ya nyuzi iwekwe mwisho kabisa, tone dogo la ncha ya sindano, maana ikizidi inatambaa hadi ndani. Na kabla ya kulitoa shina kwenye mashine, soma karatasi ya mtengenezaji uone nobu inapaswa kuwa kituo gani. Kubonyeza kitufe cha kuachia ikiwa mahali pasipo sahihi ndiyo njia ya haraka ya kuvuruga vyuma vya kurekebishia majira, na kuvirudisha kunahitaji kuvua mishale na uso.

Mpira wa mfuniko upakwe grisi ya silikoni, kiasi cha kuufanya ung'ae tu. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayafai. Hukusanya vumbi na hayadumu.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vitabu vya ughaibuni havizungumzi hali ya hewa ya Nyanda za Juu Kusini. Ukifunga saa mwezi Machi chumbani kwenye nyuzi joto 22 na unyevu wa asilimia 80, hewa uliyoifungia humo itaanza kutoa umande ikishuka hadi nyuzi 18 hivi. Alfajiri Mbeya kwa kawaida hushuka chini ya hapo, na Makete zaidi. Mwenye saa atapanda basi la alfajiri na kuona ukungu chini ya kioo, atasema kasha linavuja, kumbe halivuji. Hewa ileile ya nyuzi 22 ikiwa na unyevu wa asilimia 40 hutoa umande kwenye nyuzi 8 hivi. Kwa hiyo funga saa zako kiangazi. Kama ni lazima wakati wa mvua, laza saa wazi kwenye kopo lililofungwa lenye pakiti za kufyonzea unyevu kwa siku nzima, na uifunge mara tu uitoapo. Kupima kama kweli kuna unyevu ndani ni rahisi: pasha saa hadi nyuzi 40 hivi, weka tone la maji ya kawaida juu ya kioo kwa dakika moja, lifute. Ukungu ukitokea kwa ndani, fungua na ukaushe. Usitumie barafu, kioo cha madini kinaweza kupasuka.

Kuhusu mwendo, mtengenezaji wa NH35 anaruhusu kupungua sekunde 20 hadi kuongeza sekunde 40 kwa siku. Mashine nyingi hufanya vizuri zaidi ya hapo. Jaza saa, iache siku nzima, linganisha na saa ya simu wakati uleule kwa siku saba ndipo uguse kirekebishi. Siku ina sekunde 86,400, hivyo kosa la sekunde 10 ni dogo kuliko watu wanavyodhani, na anayetaka sifuri kamili anunue saa ya betri. Kwenye daraja linaloshika gurudumu la mizani kuna vijiti viwili. Kimoja hubadilisha kasi. Kingine kimeshika mwisho wa springi nyembamba na hubadilisha usawa wa mapigo. Hicho usikiguse kama huna mashine ya kupimia mapigo ya saa. Mwenye mashine ya kupimia aweke pembe ya kusukumwa kwa mizani (lift angle) ya nyuzi 53 kwa NH, 50 kwa ETA 2824 na 44 kwa 6497, la sivyo namba ya mzunguko wa mizani itakayosomeka ni ya uongo. Saa iliyojaa na kulazwa uso juu ikisoma kati ya nyuzi 250 na 290 ni nzima. Chini ya 200 kuna uchafu au mafuta yamekauka.

Saa ikianza ghafla kuongeza dakika nzima kwa siku, shuku sumaku kabla ya kushuku mashine. Springi nyembamba ikishikwa na sumaku mizunguko yake inagandana, inakuwa fupi, na mizani inakimbia. Spika za redio, vifuniko vya simu na vifungo vya mikoba vinatosha. Peleka dira karibu na saa. Sindano ikicheza, ndiyo yenyewe. Kifaa cha kuondolea sumaku ni cha bei ndogo, ila kitumie ipasavyo: bonyeza, ondoa saa polepole hadi urefu wa mkono, ndipo uachie kitufe. Ukiachia saa ikiwa juu yake, au umeme ukikatika katikati ya kazi, saa inatoka na sumaku zaidi kuliko ilivyoingia. Rudia umeme ukirudi.

Ugonjwa mwingine unaofanana na huo unaletwa na mafuta ya cherehani. Mafundi wetu wa barabarani wanayatumia kwa sababu yapo, nawaelewa. Lakini hayatulii kwenye kito. Hutambaa hadi kwenye springi na kuigandisha. Mashine mpya haihitaji mafuta hata tone. Ya zamani ikihitaji, mihimili midogo ipate mafuta ya saa ya Moebius 9010 kwa kipimo cha ncha ya waya, baada ya kuoshwa, si juu ya uchafu wa zamani.

Kwa wanaotaka kukusanya za asili badala ya kuunda, masanduku ya mafundi saa wa Mwanjelwa, Miyomboni kule Iringa na Tunduma mpakani yana Seiko 5 na Citizen zilizokufa, nyingi zikifaa kwa vipuri na mazoezi. Nyuma ya Seiko ya zamani kuna namba ya mfululizo. Tarakimu ya kwanza ni mwaka ndani ya muongo, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9, kisha O, N na D kwa Oktoba, Novemba na Desemba. Muongo unaujua kwa mashine. Saa yenye mashine ya 7S26 haiwezi kuwa ya 1985, kwa kuwa mashine hiyo ilitoka 1996. Angalia pia uso uliopakwa rangi upya, kazi inayofanywa sana India: rangi kali isiyowahi kutoka kiwandani, maandishi yasiyonyooka, maneno madogo chini ya namba 6 yaliyofutika au kukosekana. Saa ya namna hiyo si dhambi kuinunua, lakini bei yake ni ya vipuri.

Na kuna kishawishi ambacho waundaji wazuri pia wanakiangukia: kuchanganya rangi ya kung'aa gizani na kahawia ili nakala mpya ionekane ina miaka 70. Mimi siipendi. Nakala iliyozeeshwa, ikibadilisha mikono mara mbili, mnunuzi wa tatu ataambiwa ni ya vita. Anayefanya hivyo angalau achore tarehe ya kuundwa na aina ya mashine upande wa ndani wa mfuniko.

Badala yake kuna jambo la kwetu ambalo halijafanywa vya kutosha. Zile saa za marubani wa Ujerumani nilizozitaja mwanzoni, kuanzia 1941 zilipata uso wa aina ya pili: dakika 5 hadi 55 zimeandikwa kwa namba kubwa pembeni, na saa 1 hadi 12 kwenye duara dogo la ndani. Duara hilo la ndani unaweza kuligeuza nusu mzunguko, 6 ikae juu na 12 chini. Dakika hazisumbuki, na mshale mfupi unasoma saa moja asubuhi moja kwa moja, kama tunavyoitaja. Uso wake unatengenezeka nyumbani: bamba la shaba lenye unene wa milimita 0.4, lisuguliwe kwa msasa wa 1000 kisha 2000, lipulizwe rangi ya maziwa tabaka mbili au tatu nyembamba, likauke siku nzima. Namba zichapwe nyeusi kwa printa ya leza kwenye karatasi ya kuhamishia kwa maji. Printa ya kawaida haichapi nyeupe, ndiyo maana nasema uso wa maziwa, si mweusi. Loweka nusu dakika, telezesha, kamua viputo kuanzia katikati kwenda nje, acha ikauke, puliza vanishi mara moja. Rangi na vanishi visizidi sehemu ya kumi ya milimita, na tundu la katikati lisafishwe kwa kijiti cha mbao, vinginevyo mshale wa saa utasuguana nalo.

Mwisho ni onyo ambalo naomba gazeti lako lilipe nafasi hata kama barua hii itapunguzwa. Saa nyingi za kung'aa gizani zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi, kwenye namba na mishale. Haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikitoa mwanga imechoka, lakini radiamu yenyewe hupungua nusu kwa miaka 1,600, hivyo iko karibu kama ilivyopakwa. Wasichana waliozipaka nyuso hizo Marekani kuanzia 1917, wakinoa brashi kwa midomo, waliugua mifupa na wengi wakafa. Saa iliyofungwa ikiwa kabatini haina hatari kubwa. Hatari ni unga wake: fundi akikwangua namba zipakwe upya, akipuliza kwa mdomo, kisha akala ugali mezani hapohapo. Dalili ni rangi ya kahawia iliyoungua, iliyopasuka kama udongo mkavu, na mara nyingi kivuli cha mshale kilichochomeka kwenye uso. Zilizoandikwa herufi T pembeni mwa neno "Swiss" zina tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 na ni nafuu sana kuliko hiyo. Yenye dalili za radiamu isifunguliwe, isikwanguliwe, iwekwe kwenye mfuko uliofungwa mbali na chumba cha kulala, na mwenye mashaka aulize Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC), ambao wana vipimo. Uso wake usitolewe kwa ajili ya nakala yoyote. Mpya unapatikana.

Mpenzi na muundaji wa saa,
Mbeya